Enzi ya Miaka Tisa: Riwaya za Mapenzi za Ukaimu wa Kifalme wa Uingereza na Mvuto Wake

Katika historia ya Uingereza, Enzi ya Ukaimu ni kipindi kilichoanza tarehe 5 Februari 1811, Bunge lilipompa George, mwana mkubwa wa mfalme, mamlaka ya kutawala kwa niaba ya baba yake, Mfalme George wa Tatu, aliyekuwa amezidiwa na maradhi ya akili, na kikaisha tarehe 29 Januari 1820, mzee huyo alipofariki dunia na kaimu wake akarithi kiti kwa jina la George wa Nne. Ni kipindi cha miaka tisa pungufu ya siku chache, ambacho vitabu vya historia hukitaja zaidi kwa ajili ya vita dhidi ya Napoleon. Hata hivyo, waandishi wa riwaya za mapenzi za kihistoria, yaani hadithi za uchumba na ndoa zinazowekwa katika zama zilizopita na kumalizika kwa heri, wamekirudia kipindi hiki kwa wingi usio wa kawaida, na wasomaji wamewafuata kwa zaidi ya miaka 80.

Jibu linalotolewa haraka kuhusu mvuto huo hutaja magauni mepesi, mishumaa, magari ya farasi na karamu za dansi. Jibu hilo si la uongo, lakini vitu hivyo vilikuwapo katika zama nyingine za Ulaya ambazo hazikuzaa utanzu wake wa riwaya. Kilichoipa Enzi ya Ukaimu nafasi yake ni mambo mawili yaliyokutana: sheria ya ndoa na mali, ambayo ilifanya uamuzi wa msichana wa kukubali au kukataa posa uwe mzito kuliko mwingine wowote maishani mwake, na kazi ya mwandishi mmoja wa karne ya 20, Georgette Heyer, aliyeijenga upya enzi hiyo kwa bidii ya mwanahistoria huku akiamua mwenyewe nini kiingie na nini kiachwe.

Jina linalotangulia katika habari hizi ni la Jane Austen, binti wa kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa mwaka 1775 katika kijiji cha Steventon, jimbo la Hampshire, na kufariki mwaka 1817 akiwa na umri wa miaka 41. Riwaya zake sita kuu zote zilichapishwa ndani ya Enzi ya Ukaimu, kuanzia Sense and Sensibility mwaka 1811 na Pride and Prejudice mwaka 1813 hadi Northanger Abbey na Persuasion, zilizotoka pamoja Desemba 1817, miezi michache baada ya kifo chake. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo riwaya ya kihistoria, kwa kuwa Austen aliandika kuhusu watu wa wakati wake kwa ajili ya wasomaji wa wakati wake, na hakuwa na haja ya kueleza gari lilikuwaje au gauni lilishonwaje. Kitabu chake cha kwanza hakikutaja jina lake, bali kilisema tu kwamba kimeandikwa na bibi mmoja, na kiliuzwa kwa shilingi 15 katika juzuu tatu, bei ambayo familia nyingi hazikuimudu. Wasomaji wengi wa riwaya wakati huo walizipata katika maktaba za kukodisha, ambako mwanachama alilipa ada na kuazima juzuu moja moja. Kaimu Mfalme mwenyewe alikuwa msomaji wake, na riwaya ya Emma ilitabarukiwa kwa jina lake baada ya mtunza maktaba wake, James Stanier Clarke, kudokeza kwamba jambo hilo lingepokewa vyema. Mwaka 1816 Clarke alikwenda mbali zaidi, akamshauri Austen aandike riwaya ya kihistoria kuhusu ukoo wa kifalme wa Saxe-Coburg. Austen alikataa kwa adabu, akieleza kwamba hangeweza kuandika jambo la namna hiyo kwa dhati na kwamba angeshika njia yake mwenyewe. Utanzu unaomhesabu kuwa mama yake ulikuja kuanzishwa na watu wengine, muda mrefu baada yake.

Alichowaachia watu hao kilikuwa, juu ya yote, hesabu ya fedha. Katika Pride and Prejudice msomaji anaambiwa mapema kwamba Darcy, mhusika mkuu wa kiume, ana pauni 10,000 kwa mwaka, kwamba baba wa mabinti watano wa Bennet ana pauni 2,000 kwa mwaka kutokana na shamba lake, na kwamba shamba hilo limefungwa na sharti la urithi linalolipeleka kwa mwanamume wa ukoo, kasisi Collins, pindi baba atakapofariki. Kila binti anatazamia kubaki na mtaji wa pauni 1,000 hivi, tena baada ya kifo cha mama yao. Charlotte Lucas, mwenye umri wa miaka 27, anapokubali kuolewa na Collins siku chache baada ya rafiki yake Elizabeth, mmoja wa mabinti hao, kumkataa, Austen hamfanyi kuwa mtu duni. Anamwonyesha kuwa mwanamke aliyepima mambo yote akaona kwamba nyumba yenye uhakika ni afadhali kuliko kuzeeka kwenye nyumba ya kaka.

Uzito wa uamuzi huo ulitoka kwenye sheria. Kwa mujibu wa sheria ya Uingereza ya wakati huo, mwanamke alipoolewa nafsi yake ya kisheria ilimezwa na ya mumewe: fedha zake na ujira wake vilikuwa vya mume, ardhi yake ilisimamiwa na mume, hakuweza kufunga mkataba wala kufungua kesi kwa jina lake mwenyewe, na mwenye haki juu ya watoto alikuwa baba. Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kwamba mahari ni haki ya mke na kwamba katika sheria ya Kiislamu mke huendelea kumiliki mali yake baada ya kuolewa, atauona utaratibu huu kuwa umepinduliwa, kwani huko mali ilitoka upande wa bibi harusi ikaenda kwa bwana harusi, na ndiyo maana wahusika wengi wa kiume katika riwaya hizi wanatafuta binti tajiri wa kuwaokoa na madeni. Familia zenye uwezo zilijikinga kwa hati ya makubaliano ya ndoa, ambayo mawakili waliiandika kabla ya harusi wakitaja posho ya mke ya kila mwaka na fungu lake iwapo angefiwa na mumewe. Familia zisizo na mawakili hazikuwa na kinga hiyo. Hadi mwaka 1857, talaka kamili iliyomruhusu mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa kila ndoa, jambo ambalo matajiri wachache tu waliligharimia, na wake walisubiri sheria za mwaka 1870 na 1882 ndipo wakapata haki ya kumiliki mali yao wenyewe. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1753 ilikuwa imeziba njia za mkato, kwa kutaka ndoa ifungwe kanisani baada ya kutangazwa Jumapili tatu au kwa leseni, na kwa kumpa mzazi uwezo wa kuizuia ndoa ya kijana wa chini ya miaka 21. Scotland haikuguswa na sheria hiyo, na hivyo Gretna Green, kijiji cha mpakani, kikawa kimbilio la wapenzi waliotoroka, na baadaye kikawa mandhari ya sura nyingi za riwaya.

Msichana wa hadithi hizi, basi, ana neno moja tu ambalo ni lake kulitamka au kulinyima, na akishalitamka halirudi. Msomaji anajua hilo hata asipotajiwa sheria yenyewe, na ndiyo sababu mazungumzo ya kawaida mezani yanaweza kumkosesha usingizi. Mila za adabu zilikaza kamba hiyo zaidi. Msichana wa tabaka la juu hakutoka bila mwanamke mtu mzima wa kumsindikiza, hakuandikiana barua na mwanamume asiyekuwa mchumba wake, na akicheza dansi na mwanamume mmoja zaidi ya mara mbili kwa usiku mmoja watu walianza kuihesabu posa kuwa imekwisha kutolewa. Dansi moja ya kupangana mistari iliweza kuchukua nusu saa, na kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya nadra ya kusemezana bila kusikilizwa na wazazi. Katika ukumbi wa Almack's, uliofunguliwa London mwaka 1765, jopo la mabibi wakubwa, miongoni mwao Lady Jersey na Lady Castlereagh, liliamua nani apewe kibali cha kuhudhuria dansi za kila Jumatano, na kunyimwa kibali hicho kulikuwa aibu iliyojulikana mjini kote, ingawa mezani palikuwa na mkate mwembamba wa siagi, keki kavu na maji ya limau tu. Mwandishi anayesimulia mapenzi ya leo, ambaye wahusika wake wanaweza kupigiana simu usiku wa manane, hulazimika kubuni vikwazo. Anayeandika kuhusu Enzi ya Ukaimu anavikuta vimekwisha kuwekwa na jamii nzima, hivi kwamba kuvua glavu mbele ya mtu kunatosha kuwa tukio la sura nzima.

Georgette Heyer ndiye aliyetambua utajiri huo na kuugeuza kuwa kazi ya maisha. Alizaliwa Wimbledon, London, mwaka 1902, na riwaya yake ya kwanza, The Black Moth ya mwaka 1921, ilianza kama hadithi ya kumliwaza mdogo wake wa kiume aliyekuwa mgonjwa. Mwaka 1926 riwaya yake These Old Shades ilitoka wakati wa mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Uingereza, bila kutangazwa wala kuhakikiwa magazetini, na bado zikauzwa nakala 190,000. Kuanzia hapo Heyer alishikilia kwamba kitabu hakihitaji mwandishi wake ajitangaze, na alikataa mahojiano ya magazeti maisha yake yote.

Sehemu ya safari hiyo ilipita Tanganyika. Mumewe, Ronald Rougier, alikuwa mhandisi wa madini, na kazi ilipompeleka huko mwishoni mwa miaka ya 1920 Heyer alimfuata, wakaishi porini katika kibanda cha matete. Humo ndimo alimoandika The Masqueraders, riwaya iliyochapishwa mwaka 1928 kuhusu London ya baada ya uasi wa mwaka 1745 dhidi ya mfalme, akiwa mbali na vitabu vyake vya rejea, na waliokuja kuikagua baadaye wameona kosa moja tu la tarehe, linalohusu mwaka wa kufunguliwa kwa klabu moja ya waungwana. Riwaya hiyo haina chembe ya Tanganyika ndani yake. Inachothibitisha ni kwamba, kabla hajafikisha miaka 30, Uingereza ya kale ilikuwa imekwisha kukaa kichwani mwake pamoja na mitaa yake, vilabu vyake na namna zake za kusema, kiasi kwamba aliweza kuibeba popote alipokwenda.

Aliingia katika Enzi ya Ukaimu yenyewe mwaka 1935 kwa riwaya ya Regency Buck, ambamo Kaimu Mfalme na George Brummell wanatokea kama wahusika. Brummell alikuwa mtu wa kweli, mtanashati asiye na cheo aliyewafundisha makabaila wa London kuvaa koti la rangi iliyokoza lililokatwa vizuri na kitambaa cheupe cha shingoni, kisha mwaka 1816 akakimbilia Ufaransa kwa sababu ya madeni. Miaka miwili baada ya Regency Buck, Heyer alichapisha An Infamous Army, yenye maelezo marefu ya vita vya Waterloo vya tarehe 18 Juni 1815 na ya karamu ya dansi aliyoiandaa mke wa Duke wa Richmond mjini Brussels siku tatu kabla, ambako maofisa waliitwa kwenda vitani muziki ukiendelea. Kwa ajili ya kazi hizi alijaza madaftari kwa michoro na orodha za aina za magari ya farasi, kofia, bei za bidhaa na misemo ya mitaani, akanunua barua halisi iliyoandikwa na Duke wa Wellington, jenerali aliyeongoza jeshi la Uingereza huko Waterloo, ili ajue namna alivyopanga maneno, na kukusanya maktaba ya vitabu vya historia zaidi ya 1,000. Waandishi waliomfuata wengi walichota msamiati kwake badala ya kuchota kwenye nyaraka, kwa hiyo enzi wanayoijua wasomaji wa leo kwa sehemu kubwa ni enzi ya Heyer.

Wahakiki wa wakati wake walimpuuza, na dharau hiyo haikuwa ya haki. Sentensi zake zimepangwa kwa ustadi, wanawake wake wana akili ya kufikiri haraka, na kichekesho chake hutokana na tabia za watu na si na visa vya kulazimisha. Miongoni mwa barua alizopokea kutoka kwa wasomaji ilikuwamo ya mwanamke aliyekaa miaka 12 katika gereza la kisiasa nchini Romania, ambaye alieleza kwamba yeye na wafungwa wenzake walijiokoa na kukata tamaa kwa kuwa aliwasimulia, tena na tena, kisa cha Friday's Child, riwaya ya Heyer ya mwaka 1944 kuhusu bwana na bibi wadogo waliooana kwa haraka. Atakayeziita hadithi hizi upuuzi ana wajibu wa kuitafakari barua hiyo. Wanawake waliofungiwa ndani ya kuta na kanuni walipata nguvu katika kisa cha msichana anayejifunza, kosa baada ya kosa, kuishi katikati ya kanuni zisizo zake na kutoka salama.

Hata hivyo, kilichoachwa nje ni kingi. Miaka iliyozaa dansi za Almack's ndiyo iliyowaona mafundi wa kufuma wakivunja mitambo iliyowanyima kazi, na Bunge mwaka 1812 likaifanya kazi hiyo ya kuvunja mitambo kuwa kosa la kunyongwa. Sheria ya Nafaka ya mwaka 1815 ililinda bei za wenye mashamba huku mkate ukiwa ghali kwa maskini, na tarehe 16 Agosti 1819 wapanda farasi wa jeshi waliwavamia watu waliokusanyika Manchester kudai haki ya kupiga kura, wakaua watu wasiopungua 15 na kujeruhi mamia. Tena nyumba nyingi kubwa ambamo riwaya hizi hukaribisha wageni zilitunzwa kwa fedha za sukari iliyolimwa na watumwa Waafrika katika visiwa vya Karibi. Biashara ya kuwanunua na kuwasafirisha ilipigwa marufuku mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika makoloni ya Uingereza hadi miaka ya 1830. Austen aliligusa jambo hilo katika Mansfield Park, ambamo mwenye nyumba anasafiri kwenda Antigua kuangalia mali yake; Heyer na wengi waliomfuata walilipita kimya. Heyer pia alibeba chuki za tabaka lake, na picha ya mkopeshaji fedha Myahudi katika The Grand Sophy ya mwaka 1950 ni ya kibaguzi waziwazi. Uzuri wa sura nyingine za kitabu hicho hauifuti picha hiyo. Starehe ya riwaya hizi, kwa kadiri fulani, imenunuliwa kwa ukimya, na msomaji anayezipenda hana sababu ya kuogopa kulisema hilo.

Kutoka kwa Heyer biashara ilikua haraka. Barbara Cartland, aliyefariki mwaka 2000, aliandika zaidi ya vitabu 700, vingi vikiwa vya karne ya 19, na kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908 na kununuliwa mwaka 1971 na kampuni ya Harlequin ya Kanada, ilivisambaza vitabu vya mapenzi vya jalada jepesi katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza. Vilifika Afrika Mashariki pia. Katika shule za bweni za wasichana nchini Kenya vilipokezanwa kitanda kwa kitanda na kusomwa kwa kificho chini ya dawati, na vibanda vya vitabu vilivyotumika Nairobi vilikuwa navyo rafu kwa rafu. Kwa upande wa Marekani, mafanikio ya The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss mwaka 1972 yalifungua mlango wa maelezo ya wazi ya mapenzi ya kimwili, jambo ambalo Heyer hakuligusa, na hatua kwa hatua riwaya ya adabu ikachukuliwa nafasi na riwaya ya matamanio. Idadi ya maduke, makabaila wa cheo cha juu kabisa, nayo ilipanda katika riwaya hizo kuliko historia inavyoruhusu, kwani wenye cheo hicho wasio wa familia ya kifalme hawakufika hata 40 katika Uingereza yote ya wakati huo, wengi wao wakiwa watu wazima wenye wake.

Mwandishi Julia Quinn alianza mfululizo wake wa riwaya kuhusu familia ya Bridgerton mwaka 2000, na tamthilia ya televisheni iliyotokana nao, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 25 Desemba 2020, iliwapa waigizaji weusi vyeo vya makabaila, akiwamo Regé-Jean Page, aliyelelewa Harare, katika nafasi ya duke. Waafrika walikuwako kweli London wakati huo, maelfu yao, na Dido Elizabeth Belle, binti wa mwanamke mtumwa na ofisa wa jeshi la majini, alilelewa katika jumba la Kenwood na Jaji Mkuu Lord Mansfield katika karne ya 18. Tamthilia hiyo imewafanya watazamaji wengi wajione ndani ya hadithi iliyokuwa imewafungia mlango, na hilo si jambo dogo. Lakini inadai kwamba ndoa moja ya kifalme, ya mfalme na malkia mweusi, ilitosha kuuondoa ubaguzi, na kwa namna hiyo mashamba ya sukari yanaachwa nje kwa mara nyingine, safari hii kwa nia njema.

Kati ya vitabu vyote vya Heyer, kile kinachoonyesha vyema nguvu na mipaka ya utanzu huu ni A Civil Contract cha mwaka 1961. Adam Deveril, ofisa aliyepigana chini ya Wellington, anarithi cheo cha baba yake pamoja na madeni yake, na ili shamba la ukoo lisiuzwe anamwacha mrembo anayempenda na kumwoa Jenny Chawleigh, binti mnene, mwenye haya, wa mfanyabiashara tajiri wa London asiyejua adabu za makabaila. Harusi, ambayo katika riwaya nyingine hufunga kitabu, hapa inakifungua, na kinachofuata ni maisha ya mke anayejua kwamba amenunuliwa mume. Jenny anajifunza chakula ambacho mumewe anakipenda, anaweka nyumba sawa, anajifungua mtoto, na hadai kitu. Habari za uongo kwamba Wellington ameshindwa Waterloo zinapofika London na baba mkwe akahimiza hati za dhamana za serikali ziuzwe kabla bei haijaanguka, Adam, anayemfahamu jenerali wake, ananunua, na faida anayoipata inamfanya, kwa mara ya kwanza, awe mume asiye mdeni wa mkewe. Mwishoni anamwona tena yule mrembo na kugundua kwamba hangeweza kuishi naye. Anachokitaka ni mashamba yake, kilimo cha kisasa na Jenny mezani. Wasomaji wa Heyer wanabishana kuhusu kitabu hiki hadi leo. Baadhi wanakiona kuwa dhuluma kwa Jenny, aliyempenda mumewe tangu mwanzo na kupata upendo wa utulivu badala ya ule wa moto, na wengine wanakihesabu kuwa kitabu cha kweli kuliko vyote alivyoviandika, kwa sababu ndani yake fedha, sheria na mapenzi vinakaa meza moja na hakuna kinachojifanya hakivioni vingine.